Ubongo wa Mke Wangu Unirudishie Joto Langu

Kwa Msimamizi Mkuu,
Idara ya Joto na Matumizi ya Nishati,
Ubongo wa Mke Wangu,
Kwa sasa: Chumba cha Pasi.

Kupitia: Sikio la kulia (la kushoto hulilalia).

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUPORWA KWA JOTO LANGU NA KUHAMISHWA KWA MKE WANGU BILA RIDHAA YA MUME

Rejea kichwa cha habari hapo juu, na kichwa chenyewe unachoishi ndani yake.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi, ingawa nasikia ofisi yako haifungwi hata sikukuu. Mimi ni mume wa mwenye kichwa. Hatujawahi kuandikiana. Miaka yote hii nimekuwa nikizungumza na mdomo, nikidhani ndio wenye mamlaka, mpaka binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi, aliponifumbua macho kwamba mdomo ni msemaji tu. Alisema chini kabisa ya ubongo kuna kisehemu kidogo, hakizidi punje ya njugu, na hicho ndicho kinachopima joto la damu inayopita, kikaamua mtu atoke jasho au atetemeke, aone njaa au ashibe, mwili uchome chakula kwa fujo au ubane matumizi. Nikamwuliza kama hiyo njugu ina namba ya simu. Akasema, "Baba, mimi naingia zamu," akakata. Ndiyo maana naandika.

Kabla ya malalamiko nijitambulishe kitaaluma, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kuokotwa barabarani. Mimi ni fundi viyoyozi. Nimefunga na kurekebisha mashine za baridi maofisini, kwenye kumbi na katika majumba ya watu wenye nafasi zao. Mafundi wengine hutembea na kipimajoto mfukoni. Mimi natumia mkono. Naingia chumbani, nanyoosha kiganja mbele ya mashine, nafumba macho, navuta pumzi, nasema, "Hapa pametosha." Wenzangu wananiita Kiganja, na hakuna aliyewahi kukibishia hadi mwaka huu. Kwa hiyo wewe na mimi tuko kazi moja. Tofauti ni kwamba mimi wateja wangu wananijua ninapokaa.

Sasa niingie kwenye mada.

1. Kubadilisha kiwango cha joto bila kutoa taarifa

Kwa miaka zaidi ya ishirini chumba chetu kilikuwa na amani. Dirisha nusu wazi, shuka moja, kila mtu upande wake na ndoto zake. Mwaka huu baridi ilipoingia (mimi niliihisi mapema, redio ilichelewa na mpaka leo haijatangaza), nilifunga dirisha, nikazima feni, nikatoa blanketi kabatini, na baada ya wiki nikatoa la pili. Mtu mwenye ubongo uliotulia angeshukuru. Mke wangu aliketi kitandani akaniuliza kama namlaza au namchemsha.

Nilimdadisi binti yetu. Akaniambia kwamba kwa wanawake wa umri wa mama yake, wakati mwingine ubongo huwa mwepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu unafungulia jasho. Hayo maneno "wakati mwingine" niliyaacha palepale kwenye simu, hayakuwa na msaada kwangu. Mkosaji nilikuwa nimeshampata.

Swali langu ni dogo. Kwa nini hukutoa notisi? Hata watu wa maji, ambao hawana haya, hubandika karatasi getini kabla ya kukata.

2. Ubadhirifu wa jasho

Mke wangu anaendesha kazi ya kupiga pasi nguo za watu, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Juzi mchana alikuwa akinyoosha mashati, dirisha nimelifunga kwa faida yake, nami nimekaa karibu na meza yake nimevaa sweta, koti na kofia ya sufu, nakunywa chai. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, likashuka puani, likadondokea kola ya shati la mwalimu mkuu. Ikabidi shati lifuliwe upya.

Nakuuliza kwa heshima zote: jasho lile lilikuwa la nini? Mimi nilikuwa humohumo chumbani, naiona pasi ikitoa mvuke, na nilikuwa mkavu kama ubao. Ngozi yangu siku hizi haipotezi hata tone. Nikijikuna mguu, kucha zinaacha mistari myeupe kama chaki. Huo ndio mwili unaojua kubana matumizi, na ningependa watumishi wako waje kujifunza kwangu.

3. Makao makuu kujigawia sahani

Binti yetu alinieleza pia kwamba ubongo ni kipande kidogo tu cha uzito wa mtu, lakini mwili ukiwa umetulia, huo peke yake unakula karibu moja ya tano ya nishati yote. Moja ya tano! Nilitafuta kiti. Kumbe makao makuu ndiyo yanayotutumia waraka kila siku, miguu ikaze mkanda, tumbo livumilie, mikono ijitolee, na makao makuu yenyewe, ambayo hayajawahi kubeba hata ndoo ya maji, yanachota sahani moja katika kila sahani tano kabla wengine hawajanawa.

Sijasema ni wizi. Nasema tu kwamba niliwahi kufunga viyoyozi katika ofisi ya namna hiyo. Chumba cha mkubwa kilikuwa na mashine tatu, na makarani kule chini walikuwa wanajipepea kwa mafaili. Nilipouliza, nikaambiwa mkubwa anafikiria sana.

Hata hivyo mimi si mtu wa kunyima mwenzangu chakula. Kinachoniuma ni matokeo. Mke wangu anakula, anaongeza, anasimama kwenye pasi tangu asubuhi, anacheka na wateja mpaka nyumba ya pili wanasikia, na hanenepi. Mimi nakula nusu sahani, tena kwa kujilazimisha, na mkanda wangu umeishiwa matundu. Nimetoboa mengine kwa msumari, karibu na ncha. Chakula changu kinakwenda wapi? Lishikilie hilo swali, nina jibu lake.

4. Kuchochea bongo za watu wengine

Ulianza na paka. Alikuwa analala miguuni pangu, sasa analala ndani ya sinki. Ukaja kwa mama mkwe, aliyefika kututembelea, akakaa sebuleni nilikokuwa nimeziba kila upenyo, akaanza kujipepea kwa upindo wa kanga, akaaga kabla chai haijachemka. Nikasamehe. Mambo ya nyumbani huishia nyumbani.

Lakini ukavuka mpaka ukaniingilia kazini. Palikuwa na harusi katika ukumbi ninaouhudumia. Nilifika mapema, nikanyoosha kiganja, kikaniambia wazi kwamba wageni watapata mafua. Nikapunguza ubaridi. Nikapima tena, nikapunguza tena. Wageni walipojaa, bwana harusi alivua koti, akavua tai, akaomba radhi, akatoka. Vipodozi vya bibi harusi vilihama uso vikaenda shingoni. Keki ya ghorofa tatu iliegama, ikafikiri, kisha ghorofa ya juu ikashukia mapajani mwa shangazi wa bwana harusi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na koti langu, nafunga zipu.

Watu mia tatu, bongo mia tatu, na zote zimeamua kwa sauti moja kwamba kuna joto. Hebu niambie, watu mia tatu wanawezaje kukosea kwa wakati mmoja kama hawakupangwa? Nililichunguza jambo hili kwa utulivu. Kitu pekee nilichokuta kinawaunganisha ni kwamba suti na magauni yao mengi yalipigwa pasi na mke wangu. Sina haja ya kuongeza neno.

Mkuu wangu wa kazi ameniambia nikae nyumbani mpaka atakaponiita. Alisema, "Kiganja, kapumzike kwanza, umekuwa mzito siku hizi." Mzito! Nilikuwa nimesinzia kidogo tu, tena ngazini, tena kwenye ngazi fupi. Hajaniita bado, na simu naiweka karibu.

5. Wizi wenyewe

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo utaalamu wangu ulipo. Watu wengi wanadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi. Hakitengenezi chochote. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje, ndiyo maana ile mashine inayofungwa ukutani kwa nje hupuliza hewa ya moto kama mtu anayegombana. Joto halipotei. Linahama.

Sasa tazama ushahidi. Katika nyumba moja, chini ya bati moja, kuna mtu hana joto hata la kuazima, na kuna mwenziwe analo mpaka la kumwagika. Mmoja anakula kidogo na haoni faida yake, mwingine anavuna asikopanda. Ndugu Msimamizi, hesabu hii hata mtoto wa chekechea anaimaliza kwa vidole. Mke wangu ni mashine ya nje. Mimi ndiye chumba.

Joto langu, lililotokana na mkate wangu niliouhangaikia mwenyewe, linapita ukutani kuja kwako, nawe unalimwaga kwenye kola za watu. Madhara ninayo mwilini. Asubuhi vidole vyangu ni vya baridi kama bomba. Sauti yangu imekwaruza, wateja wapya kwenye simu wananiita babu. Moyo wangu unapiga taratibu, kama mlinzi anayejua hakuna wa kuja kumkagua. Na kumbukumbu ndiyo hiyo. Majuzi, kabla sijaambiwa nipumzike, nilipanda juu ya paa la mteja nikasahau nilichokipandia. Nikakaa, nikautazama mji. Mwenye nyumba alitoka akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia bado, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa salama.

6. Kumhamisha mke wangu

Hili nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Mwezi uliopita mke wangu alichukua godoro dogo akahamia chumba cha pasi, katikati ya nguo za watu. Hakununa. Angenuna ningejua pa kuanzia, kununa kwake nakufahamu. Aliniachia mablanketi yote, akahakikisha dirisha limefungwa, akasema, "Lala, baba watoto," akazima taa. Sasa anasema anafikiria kwenda kwa dada yake akae huko kidogo. Nilimwuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema ataona. Nilitaka kumjibu jambo la maana, nikalitafuta, na nilipolipata alikuwa ameshamaliza kukunja mashuka na kuondoka.

Upande wake wa kitanda una baridi ambayo blanketi haiwezi. Naomba ieleweke kwamba hapa sizungumzii hisia. Nazungumzia ufundi. Miili miwili hutunza joto kuliko mmoja, jambo hili linajulikana kwa kila mtu aliyewahi kufunga bomba pamoja na bomba. Lakini kwa kuwa tuko kwenye malalamiko, acha niseme yote: akienda kwa dada yake sijui nitaongea na nani. Siku hizi siongei sana, hilo nakubali, ila ni yeye ninayemnyamazia, na huwezi kumnyamazia mtu asiyekuwepo.

Kwa sababu hizo zote, nadai yafuatayo:

(a) Joto langu lirudishwe. Nakubali kwa awamu, mradi awamu ya kwanza ianzie vidoleni.

(b) Nipewe kiti katika bodi ya idara yako, chenye kura ya kukataa. Haiwezekani kichwa cha nyumba kikose nafasi katika kichwa cha mke.

(c) Hadi bodi itakapokaa, niruhusiwe kurekebisha mitambo yako kwa mkono, kwa kuweka kiganja juu ya paji la uso la mhusika na kusema "hapa pametosha", naye akubali kwamba pametosha.

(d) Mke wangu arudi chumbani.

Usiponijibu, nitalirudisha suala hili kwa mtengenezaji, yaani mama mkwe. Unajua alivyoondoka mara ya mwisho.

Nimalizie kwa salamu. Nisalimie moyo, mapafu na tumbo. Ini nalo nalisalimu sana, maana nasikia linafanya kazi nyingi na halitajwi popote. Nisalimie mikono hasa, haijawahi kunikosea. Mdomo usihangaike nao, tumeshasalimiana asubuhi.

Mimi niliyebaki na baridi yangu,

Kiganja
Fundi Viyoyozi, Mume

NYONGEZA

Baada ya kutia sahihi nilimpa mke wangu barua hii akusomee kwa sauti, kwa kuwa sikuona njia nyingine ya kukufikia. Hakuisoma kwa sauti. Aliisoma kimya, amesimama, pasi mkononi. Nilitegemea acheke, au anirushie shati. Alipofika kwenye ngozi yangu kavu aliacha, akarudi juu, akaanza upya. Alipofika kwenye moyo wa mlinzi aliichomoa pasi ukutani, akanishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo muda mrefu, kisha akampigia binti yetu. Sikuyasikia yote, ila binti nilimsikia kutoka nilipokaa: "Mama, mlete sasa hivi! Mbona mimi aliniuliza habari zako tu?"

Daktari alinipima damu, akanieleza taratibu, maana kwa sasa ndiyo kasi yangu. Shingoni, mbele ya koo, kuna tezi inayopokea amri kutoka kwa ubongo na kuuambia mwili uchome chakula kiasi gani na utoe joto kiasi gani. Yangu imelala. Ubongo wangu hauna kosa. Umekuwa ukiipelekea amri juu ya amri kwa miezi mingi, mpaka zimefurika kwenye damu na mashine ya maabara ikazikuta, na tezi haijaitikia hata moja. Mkate wangu haukuibwa, ila haukuchomwa. Unene, usingizi, sauti, usahaulifu, vyote vimetoka hapo. Daktari alisema ningeendelea kungoja, hiyo baridi ingenilaza nisiamke. Ameniandikia vidonge vya kila asubuhi, pengine vya maisha, na joto litarudi polepole. Mke wangu naye alipimwa, mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Hana tatizo. Daktari alimwuliza alikuwa analala wapi, akamtajia dirisha nililolifunga na mablanketi, daktari akanitazama mimi. Ule ukumbi nao, inaonekana, ulikuwa na joto kweli.

Njiani nilimwuliza mke wangu kwa nini hakuniambia kwamba nimeharibika. Akasema, "Nimekuambia mara ngapi hii baridi yako si ya kawaida? Ukaenda kuuandikia barua ubongo wangu." Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimeliorodhesha popote. Kwa dada yake hakuwa anakimbilia upepo. Alidhani nimemchoka. Aliona simjibu, namsinzia akiwa katikati ya habari, simshiki, akasema moyoni kwamba labda ndivyo mambo yanavyokwisha, bila ugomvi, mtu anapungua tu mpaka hayupo. Nililia barabarani, Ndugu Msimamizi, tena polepole, kama ninavyofanya kila kitu sasa.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la sita, na nakuomba radhi wewe, paka, mama mkwe na shangazi wa bwana harusi. Madai pia nayafuta, isipokuwa (d), ambalo sikupaswa kuliwekea herufi, kwa sababu lilikuwa ombi. Mwenyewe amelikubali. Ameweka sharti moja tu, kwamba mpaka vidonge vianze kufanya kazi, miguu yangu ikae upande wangu.